Kifaru Ajifunza Kufuma

Pale karakana walimwita Kifaru, na hakuna aliyeona haja ya kueleza kwa nini. Shingo yake na kichwa chake vilikuwa na upana mmoja, na mlangoni alipita ubavu kwa mazoea tu, hata mlango ukiwa mpana. Kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma: mageti, madirisha, vitanda vya mabwenini, ngazi za nje. Viganja vyake vilikuwa vimekauka na kupasukapasuka, vimejaa makovu madogo ya cheche, na aliyempa mkono alihisi kama amekamata tofali. Siku zile ungemwambia mtu kwamba Kifaru atakuja kushikwa na mapenzi ya sindano na bonge la uzi, angekuuliza umekunywa nini.

Mkewe alikuwa karani wa posta, mwanamke mwembamba, maneno mengi, kicheko karibu. Ndoa yao ilikuwa na mwaka mmoja na nusu. Mimba yake ya kwanza ilipoingia mwezi wa saba, miguu ilimvimba, kichwa kikawa kinamgonga, na daktari alipompima presha hakumruhusu hata kurudi nyumbani kuchukua nguo za kubadilisha.

"Utalala hapa," daktari alimwambia, "na kazi yako ni moja tu, kutofanya kazi."

Basi Kifaru akawa anakwenda wodini kila siku saa ya kuona wagonjwa, kuanzia saa sita hadi saa saba mchana. Ilikuwa wodi ya vitanda kumi na viwili, yenye madirisha marefu na sakafu inayonuka dawa. Alikuwa anaoga karakana, anavaa shati safi, anafika, anauliza hali, anaambiwa hali ni ileile, kisha anakaa na mikono magotini. Mkewe alikuwa anafuma kofia ya mtoto kwa uzi wa sufu wa kijivu, uliotokana na sweta lake kuukuu alilolifumua. Vidole vilikwenda vyenyewe, mdomo nao ukienda upande wake. Siku ya nne mdomo ulichoka kwenda peke yake.

"Mume wangu, unakaa hapo kama msimamizi wa mtihani. Sema basi neno."

"Neno gani?"

"Lolote."

Kifaru akafikiri. Akainama akatazama chini ya kiti alichokalia. "Hiki kiti kimechomelewa vibaya," akasema.

Mkewe alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akainua kichwa kuona kuna nini. Alipomaliza kucheka akajifuta machozi, akatoa ndani ya mfuko sindano mbili za mti na kibonge kingine cha uzi, akavitupa mapajani kwa mumewe.

"Lete hiyo mikono. Ukiwa huna la kusema, ufanye kitu."

Alimwanzishia vitanzi ishirini kwenye sindano ya kwanza, akafuma mistari miwili ya mfano, akamshika vidole kimoja kimoja, akamwonyesha. Maneno yalikuwa manne: ingiza, zungusha, vuta, achia. Unaingiza sindano kwenye kitanzi, unaizungushia uzi, unauvuta utokee upande wako, kisha unakiachia kitanzi cha zamani. Basi. Tena na tena mpaka mwisho wa mstari, unageuza, unaanza upya.

Kifaru alikuwa amewahi kuchomelea juu ya paa la ghala, upepo unavuma, mguu mmoja ukining'inia. Hakutoka jasho siku ile kama alilotoka wodini. Uzi ulinasa kwenye nyufa za ngozi yake kila alipousogeza. Kitanzi cha tano kilimponyoka, na alipokifuata kikashuka mistari miwili kama mtu anayeteremka ngazi mbio. Kengele ya kuwaondoa wageni ilipolia hakuisikia, na muuguzi ikabidi aje kumgusa bega.

Usiku huohuo, au tuseme kabla hajalala, alisugua mikono kwa brashi na sabuni ya unga, akaipaka mafuta ya mgando, akaivalisha soksi. Kesho yake uzi ulipita. Mstari wa kwanza ulichukua nusu saa, wa pili dakika ishirini. Siku ya tatu, akiwa amekolea kabisa, alikaza mkono kidogo tu na sindano ya mti ikalia *tak!* na kuwa vipande viwili.

"Nilijua," alisema mkewe. "Sikutaka kusema tu."

Karakana hapakosi vyuma. Kifaru aliokota spoku mbili za baiskeli kwenye pipa la mabaki, akazibana kwenye jiliwa akazinyoosha, akazichonga ncha kwa tupa, akazipiga msasa mnene, kisha laini, kisha akazisugua kwa kitambaa chenye mafuta mpaka zikang'aa. Kwenye mkia wa kila moja akachomelea tone dogo la chuma ili vitanzi visitoroke. Alikuwa anazitazama kwenye mwanga aliposikia mtu anapumua nyuma yake. Alikuwa ni mpaka rangi wa mageti, ambaye kwa ajili hiyo wote walimwita Rangi, na ambaye hakuna jambo lililompita.

"Unatengeneza nini?"

"Sindano."

"Za kumdunga nani?"

"Za kufumia."

Rangi alimtazama usoni aone kama ni utani. Alipoona si utani akaenda mbio kuwaambia wengine. Mchana ule, kila aliyepita karibu na Kifaru alimwomba amfumie kitu: mmoja sketi, mmoja shela, mmoja nepi. Kifaru aliwaitikia wote kwa kichwa, akaendelea na geti lake. Hakuwa mtu wa kujibu haraka, na kwa kawaida alipopata jibu wenzake walikuwa wameshasahau swali.

Sasa, mama mkwe wake. Mama huyu alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwenye macho yanayoona mshono uliopinda kutoka ng'ambo ya barabara, na alimheshimu mkwewe kiasi kwamba hakupenda kumwambia neno la kukosoa ana kwa ana. Alipofika wodini na kumkuta amekaa kitini, sindano za spoku zikigongana, alisimama kidogo mlangoni, akaamkiwa, akaitikia, akakaa ukingoni mwa kitanda cha bintiye. Alimtazama Kifaru anavyofuma kwa muda wa mstari mzima. Kisha akamgeukia bintiye.

"Mwambie mwenzio uzi haukabwi koo. Haukimbii."

Kifaru alikuwa hatua mbili kutoka hapo.

"Mume wangu, mama anasema usiukabe uzi."

"Nimesikia."

"Mama, amesikia."

"Na mwambie kidole cha shahada ndicho kinachoongoza uzi. Hicho kingine kinapumzika."

Kifaru akabadilisha kidole. Vitanzi vikaanza kulala sawasawa, kimoja ubavuni mwa kingine. Mama mkwe alipoondoka alimwachia bintiye kibonge cha uzi mwembamba na kumwambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba huo ni wa mwenye kazi.

Juma lililofuata presha ilipanda isishuke. Walimpasua asubuhi ya Jumatano, na Kifaru alipopigiwa simu karakana alikimbia na aproni ya ngozi mwilini. Mkewe alikuwa hai, amevimba uso na mikono, mpira wa dripu mkononi, hawezi kuinua kikombe. Mtoto alikuwa wa kike, kilo moja na robo. Sista, muuguzi mkuu wa chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, alimpeleka Kifaru amwone kupitia kioo.

"Yuko wapi?" aliuliza Kifaru, maana aliona nguo tu.

"Huyo hapo. Punje yetu hiyo."

Jina likabaki hilo. Kwenye cheti waliandika jingine, lakini hakuna aliyelitumia, mpaka leo ni Punje.

Sista alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na hakumpa Kifaru nafasi ya kusimama tu pale. "Baba Punje, nisikilize. Mtoto huyu joto lake linapotelea kichwani. Kichwa ndicho kikubwa kuliko vyote alivyonavyo. Nahitaji kofia, inayobana kidogo, isiyobana sana. Mama yake alikuwa anafuma, nilimwona."

"Ile ya mama yake ni kubwa. Ni ya mtoto aliyetimia."

"Basi nitafutie ndogo."

"Madukani zipo?"

"Za ukubwa huu? Hakuna mwenye duka anayemtegemea mtoto wa ukubwa huu."

Kifaru alikwenda akakaa kwenye benchi la ukumbini, akatoa sindano mfukoni mwa aproni. Akaanzisha vitanzi sabini na viwili kwa uzi mwembamba wa mama mkwe, akahesabu mara tatu. Alifuma mpaka wafagiaji wakamwomba ainue miguu. Alifuma kesho yake tangu asubuhi. Mwenye karakana alimruhusu, na wengine wote siku hiyo hawakumwomba sketi wala shela. Alipofika utosini hakujua namna ya kupunguza, kwa hiyo akaingia wodini akapiga magoti kando ya kitanda cha mkewe, akamwinulia kazi karibu na macho. Mkewe, kwa sauti isiyozidi pumzi, akasema, "Viwili kwa pamoja. Kila baada ya sita. Halafu kila baada ya vitano." Akafumba macho. "Halafu unaendelea kupunguza."

Kofia ilimalizika alasiri. Ilikuwa imepinda, upande mmoja mrefu kuliko mwingine, na mshono wa nyuma aliufunga kwa fundo lile wanalofungia nondo kwa waya, maana ndilo pekee alilolijua. Ukiitazama ungedhani ni soksi iliyokanyagwa na lori. Sista aliipindua ndani nje, akaipitishia kidole kuona kama kuna uzi wa kumkwaruza mtoto, akaipeleka ndani. Kifaru aliiona kupitia kioo ikivishwa kichwani mwa mwanawe, na ikatosha.

Walikaa hospitali wiki saba. Mkewe alipopata nguvu walifundishwa kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, na ikawa zamu, mama asubuhi, baba mchana. Juu ya kifua cha Kifaru mtoto yule alionekana kama kitu kilichosahauliwa juu ya meza. Mikono yake ikiwa huru, Kifaru alifuma. Wazazi wengine waliona, wakauliza, na yeye akawafumia watoto wao pia, kofia moja moja, kila moja ikipinda kidogo kuliko iliyotangulia, kwa maana ya kwamba ilipinda pungufu.

Miongoni mwa wazazi hao alikuwapo mama mmoja kijana aliyekuja peke yake, hana mgeni. Mtoto wake aliishi siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu mama yule alitoka chumbani akiwa na kofia mkononi, akaja mpaka benchi alipokaa Kifaru.

"Baba, ulinipa hii kwa ajili yake," alisema. "Sijui kama natakiwa kuirudisha."

Kifaru alisimama. Mdomo wake, ambao siku zote ulichelewa, siku ile haukuchelewa.

"Ni yake," alisema. "Kaa nayo."

Mama yule akaikunja, akaiweka ndani ya nguo upande wa moyo, akaondoka na mfuko wake mmoja. Sista alimweleza Kifaru baadaye kwamba watoto wale huondoka bila kuacha kitu, hata picha, na kwamba mama yule hakuwa na kingine cha kuonyesha kuwa alizaa. Mwisho wa mwezi ule, Punje akiwa ameshafika nyumbani na kilo zake mbili na nusu, Kifaru alirudi hospitali na kofia nane ndani ya mfuko wa karatasi. Mwezi uliofuata akapeleka tisa. Hakuacha tena.

Mkewe kwa upande wake hakufuma tena maishani. "Nimefuma ya kutosha kitandani pale," alisema. "Nikisikia tu zinagongana, nasikia presha inapanda." Jioni Kifaru akifuma, yeye alimsomea gazeti kwa sauti, habari zote mpaka matangazo ya vifo na ya ng'ombe waliopotea, akitia maoni yake kila mstari. Ndivyo walivyoishi, mmoja akisema na mwingine akifuma, na hakuna aliyeona kwamba amepunjwa.

Alifuma kila kitu. Sweta za shule za Punje alizifuma yeye, na soksi, na mfuniko wa birika. Uzi aliupata kwa kufumua sweta kuukuu za wafanyakazi wenzake, na kwa kuwa karakana iliwapa wote sweta za kijivu, nyumba nzima ilivaa kijivu. Utani wa wenzake ulikwisha siku Rangi alipokuja kwake pembeni, hana kelele, na mfuko umekunjwa kwapani. Ndani kulikuwa na sweta la marehemu baba yake, kiwiko kimetoboka tundu la kupitisha ngumi.

"Linaponeka hili?" aliuliza.

Kifaru alilishika kwenye mwanga. "Linaponeka."

Alilirudisha baada ya siku nne. Rangi alitafuta tundu lilipokuwa, akalikosa, akalivaa palepale juu ya ovaroli yenye madoa ya rangi, akageuka akaenda zake. Mtu yeyote aliyemtania Kifaru baada ya hapo alijibiwa na Rangi, na Rangi akijibu mtu ulikuwa unamhurumia mtu huyo.

Punje alikua mwembamba kama mama yake na mbishi kama bibi yake. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, shule iliita mkutano wa wazazi. Kifaru alikwenda, akajibana kwenye dawati la wanafunzi, magoti yakamfika kifuani, na mwalimu mkuu alipoanza kusoma ripoti ndefu yeye akatoa soksi aliyokuwa amefika kisiginoni. Wanafunzi walijazana madirishani. Kurudi nyumbani Punje alitembea mbele hatua kumi, akasimama tu walipofika kwenye kona yao.

"Baba, wanasema mimi ni mtoto wa Bibi Kifaru."

"Nani?"

"Wote." Alikuwa anatazama viatu vyake. "Usifume tena, baba. Tafadhali."

Kifaru alimtazama utosi wake. "Sawa, mwanangu," akasema.

Mkewe alipopata habari alitaka kumwita mtoto amwambie kilichomweka hai. Kifaru akamkataza. "Ana miaka kumi na miwili," alisema. "Mwache awe nayo." Akazifunga sindano kwenye kitambaa, akazipeleka karakana kwenye sanduku lake la vifaa. Kuanzia siku hiyo Punje hakumwona baba yake na uzi, akaamini ameacha. Sweta zake za shule zilinunuliwa dukani. Kofia za wodini zilifumwa saa ya chakula cha mchana, juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya mageti yanayosubiri kupakwa rangi.

Ilipita miaka saba. Punje alikuwa chuoni akisomea upimaji ardhi pale rafiki yake wa tangu shule alipojifungua kabla ya wakati, hospitali ileile. Alikwenda kumwona. Muuguzi kijana aliingia na boksi, akaliweka kitandani.

"Mama, mchagulie mtoto kofia. Ziko nyingi, ila usitegemee rangi. Zote ni za moshi."

"Nani anazitengeneza?" aliuliza Punje.

"Kuna mzee mmoja mnene wa mageti. Analeta kila mwisho wa mwezi, anaweka mezani, anaondoka. Sista wa zamani alituachia maagizo tusimhojihoji."

Punje alichukua kofia moja akaigeuza ndani nje. Mwisho wa mshono wa nyuma kulikuwa na fundo la kufungia nondo. Alikuwa amevaa fundo lile kiunoni na shingoni miaka sita ya shule ya msingi, na alilijua kama anavyojua mwandiko wake. Alilipitishia kidole tena na tena mpaka rafiki yake akamuuliza kama anaumwa.

Nyumbani alimkuta baba yake barazani akipiga tupa bawaba ya mlango. Akakaa ngazini, chini kidogo yake. Hakujua aanzie wapi, na katika hilo alikuwa mtoto wa baba yake kweli.

"Baba, zile kofia za wodini zina kasoro."

Tupa ikasimama. "Kasoro gani?"

"Rangi. Zote za kijivu. Watoto wamezaliwa wiki hii, wanafanana na walinzi wa benki."

Kifaru alilifikiria jambo hilo kwa uzito wake wote. "Uzi wenyewe ndio ulivyo," akasema.

"Nitaleta mwingine."

"Sawa."

Punje akapangusa vumbi la chuma ngazini. "Baba."

"Naam."

"Nilikuwa mjinga."

"Ulikuwa na miaka kumi na miwili," alisema Kifaru, akarudi kwenye bawaba yake. Lakini mama mtu, aliyekuwa ndani amesikia kila neno kupitia dirishani, alitoka na sindano zilizofungwa kwenye kitambaa. Alikuwa amezichukua karakana jana yake kuzing'arisha, kwa ajili hiyo au kwa ajili nyingine, hakusema.

Kesho yake Punje alileta njano, nyekundu na kijani cha majani machanga. Yeye mwenyewe alijaribu kujifunza, na baada ya jioni mbili akatangaza kwamba ni afadhali apime ekari kumi kwenye mvua. Kazi yake ikawa ni kuchagua rangi, na katika hiyo hakupingwa na mtu.

Kadiri miaka ilivyokwenda, macho ya Kifaru yalichoshwa na mwanga wa kuchomelea, akaacha karakana akiwa na miaka sitini na mbili. Watu walidhani atakaa kitini asinzie. Wapi! Mtu aliyejifunza kitu kimoja kwa mikono huanza kutazama kila kitu kwa jicho la kuuliza kimefanywaje, na Kifaru alikuwa ameuliza hivyo kwa miaka thelathini. Alijifunza kusuka viti kwa kamba kutoka kwa seremala wa mtaa wa pili. Alichonga vifungo vya mti kwa ajili ya sweta zake. Alikwenda kwa fundi viatu akakaa naye wiki mbili bila kuombwa, akarudi anajua kushona ngozi. Mkewe, aliyekuwa amestaafu posta lakini hajastaafu kusema, alizunguka nyumba akionyesha wageni.

"Kiti hicho amekisuka yeye. Mwiko huo kauchonga yeye. Juzi nimenunua kijiko cha dukani, nakwambia nilikionea huruma hicho kijiko. Hakina wa kuongea naye."

Mwaka ule aliotimiza sitini na nane, Kifaru alipita mbele ya banda la vikapu lililofunguliwa karibu na kituo cha mabasi. Ndani alikuwamo mwanamke wa miaka thelathini hivi, mdogo kuliko Punje, amekaa chini miguu mbele, anasuka fito zilizolowekwa, na fito zilimtii kama vile zinamwogopa. Kifaru alisimama mlangoni, ubavu. Alisimama muda mrefu.

"Shikamoo, mzee. Unatafuta kikapu?"

"Marahaba. Hapana. Natafuta unavyokisuka."

Mama wa vikapu akamtazama yule mzee aliyejaa mlango, mikono yake, makovu yake. "Hujawahi?"

"Sijawahi."

"Kaa basi."

Alimkatia fito nane, akampangia nne juu ya nne, akamwonyesha namna ya kuzipitisha, juu, chini, juu, chini, ukizitanua taratibu mpaka zinakaa kama miale. Kifaru akaanza. Kitako cha kikapu kikatoka kama sahani iliyoangushwa. Alikaza ufito mmoja, ukavunjika. Akachukua mwingine.

"Polepole, mzee. Hapa hatufungi geti."

"Nani amekwambia habari za geti?"

"Mikono yako." Alinyoosha kidole, akagusa mzunguko wa tatu. "Na hapa umeruka moja. Fumua."

"Yote?"

"Mpaka hapo ulipokosea. Usinionee aibu, nami sikuonei."

Kifaru akacheka, kicheko kifupi kilichotoka tumboni. Akafumua mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu, fito zikamlowesha mapaja, maji yakaingia viatuni. Nje watu walipanda na kushuka mabasi. Mchana ulisogea, na alipoona jua limefika kwenye kizingiti akaweka kitako chake kilichopinda pembeni, akajishika ukutani kuinuka, maana magoti hayakuwa yale.

"Utarudi?" aliuliza mama wa vikapu, bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Mnafungua saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Nitakuja saa moja na nusu," alisema Kifaru, "nikusaidie kuloweka."